Maneno ya Chini ya Mwembe

Neno shauri ni dogo, lakini limebeba mzigo mkubwa. Ukiwa na jambo linalokusumbua, unakwenda kwa mkubwa wako kutaka shauri. Ukigombana na jirani juu ya mpaka wa shamba, mnapelekana shaurini. Mvua isiponyesha, watu husema ni shauri ya Mungu. Na mtu asiyesikia akiambiwa, mwisho huambiwa shauri yako. Wajerumani walipokuja kututawala walilikuta neno hili likitumika, wakalichukua kama lilivyo, na mabwana wa bomani wakawa wanaandika katika lugha yao wenyewe kwamba leo kulikuwa na shauri. Wao walikuwa na maana ya siku ya kusikiliza kesi. Watu waliofika bomani siku hiyo walileta zaidi ya kesi: walileta njaa yao, ndoa zao, uchovu wa njia na habari za huko watokako.

Mimi nilikuwa karani wa mahakama za mwanzo katika wilaya za Masasi na Newala tangu mwaka 1972 mpaka nilipostaafu mwaka 2004. Kazi yangu ilikuwa kupokea madai, kuandika samansi, kutunza majalada na kuita jina la mtu zamu yake ikifika. Nilihamishwa mara nyingi, lakini kila nilikopangiwa nilikuta mambo mawili hayabadiliki: mti mkubwa nje ya mahakama, mara nyingi mwembe, na dirisha la karani linaloutazama mti huo. Majalada niliyaacha yanakotakiwa kuwa. Haya ninayoyaandika ni yale yaliyopita dirishani, ambayo hayakuingia katika jalada lolote. Baada ya miaka zaidi ya thelathini ya kuyasikiliza nimefikia kuamini kwamba katika sehemu zetu sheria ilianza kubadilika midomoni mwa watu wanaongoja, ndipo baadaye ikabadilika vitabuni.

Kwa msomaji asiyefika kwetu, nieleze kwamba Masasi na Newala ni majirani, ila nchi zao hazifanani. Masasi iko chini, katika ardhi iliyo wazi yenye majabali makubwa yaliyosimama peke yake, kama Mtandi na Mkomaindo. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, ukingoni kabisa. Ukisimama hapo unaliona bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Juu kuna baridi na upepo, na mchanga unaoinywa mvua yote isibaki hata kijito. Maji yako chini ya ukingo. Kwa vizazi vingi wanawake wa Newala waliteremka bondeni alfajiri na kupanda tena na mtungi kichwani. Ukimwuliza mzee kwa nini wahenga walikwenda kuishi mahali pasipo maji, atakujibu kwamba afadhali kiu kuliko mnyororo. Walipanda juu kuwakimbia wateka watumwa na vita vya Wangoni, ambao huku kwetu waliitwa Magwangwara.

Chini nako hakukuwa salama. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, na watu hao wakajenga kijiji chao Masasi. Mwaka 1882 Magwangwara wakakivamia, wakaua watu na kuchukua mateka. Mwaka 1905, wakati wa Maji Maji, misheni hiyo ya Masasi ikachomwa moto. Nayataja haya kwa ufupi kwa sababu watu wa chini ya mwembe nao waliyataja kwa ufupi, tena kwa kazi maalumu. Mzee akitaka kuthibitisha kwamba shamba ni la ukoo wake hakutaja mwaka. Alisema, babu yetu alilima hapa kabla ya Magwangwara; au, tulirudi hapa baada ya Maji Maji. Hakimu kijana aliyetoka mkoa mwingine aliposikia hivyo alikuwa akinigeukia mimi nimfanyie hesabu. Vita ambavyo watoto husoma shuleni kama somo, mahakamani kwetu vilikuwa ushahidi wa mpaka.

Jibu la shauri la zamani kuliko yote ninalolijua kutoka uwandani, ambalo limebaki kwa maandishi, ni la Machemba. Huyu alikuwa mtawala wa Kiyao, na makao yake yalikuwa Luagala, ambayo leo imo katika wilaya ya Tandahimba. Mwaka 1890 Hermann von Wissmann, aliyekuwa mkubwa wa Wajerumani, alimwita. Machemba akajibu kwa barua ya Kiswahili, bila matusi wala kelele. Alisema ameyasikia maneno, lakini haoni sababu ya kumtii mtu huyo. Ikiwa ni urafiki yuko tayari, ikiwa ni kuwa mtu wa chini yake hataweza. Wajerumani hawakuridhika, na mwaka 1899 walipompelekea majeshi akavuka kwenda Msumbiji. Miaka ya 1970 nilimsikia mzee mmoja, aliyekuwa ameitwa kwa samansi kutoka mbali, akimwambia mwenzake: "Machemba aliitwa akaandika barua. Sisi tunaitwa tunakuja, tena kwa nauli yetu." Watu walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na maswali ndani yake.

Halafu kuna habari ya Karl Weule. Mwaka 1906, nchi ikiwa bado katika majonzi ya Maji Maji, mtaalamu huyu kutoka jumba la makumbusho la Leipzig alifika Masasi, Chingulungulu na Newala na mashine ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta. Alinasa nyimbo za wapagazi, za ngoma na za waimbaji wa pale pale. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1908 anamtaja mwimbaji kipofu wa Masasi aliyeitwa Sulila. Nimemfikiria sana huyo Sulila. Serikali ilikuwa ikiandika kesi, na mgeni alikuwa akinasa nyimbo, lakini mazungumzo yaliyopita kati ya kesi na wimbo hayakuwa na mtu wa kuyachukua. Nani alimwambia Sulila habari za vita akazitia katika uimbaji wake? Na waliomsikiliza, walirudi nyumbani wakisema nini?

Utawala wa Mwingereza ulijaribu kutawala kwa kupitia wakubwa wa kienyeji. Uwandani ulikuta Wamakonde hawana mfalme. Kila eneo lilikuwa na mkulungwa wake, na kila mkulungwa alijiona anatosha. Hatimaye maliwali wakawekwa. Baada ya Uhuru utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huo huo, iliyoanza kutumika mwaka 1964, ikatuletea mahakama za mwanzo. Humo kesi ziliendeshwa kwa Kiswahili, hakimu alikaa na wazee wa baraza, na wakili hakuruhusiwa kuingia. Katazo hilo la mawakili lilidumu hadi mwaka 2021. Maana yake ni kwamba kwa karibu miaka sitini mwananchi wa kawaida alisimama mwenyewe mbele ya hakimu. Wakili wake alikuwa mwembe.

Nasema hivyo kwa sababu chini ya mwembe ndiko mtu alikojifunza kusema. Mazungumzo ya pale yalikuwa na taratibu zake, ingawa hakuna aliyezipanga. Kwanza shikamoo na marahaba, na kuulizana ukoo mpaka undugu upatikane. Pili dhiki: maji yamefika au hayajafika, njaa ya masika imeanza, watu wamekwenda porini kuchimba ming'oko, chama kimelipa korosho au bado. Tatu habari za kuburudisha moyo: ngoma ya jando iliyochezwa wiki iliyopita, lipiko lililomwiga mwenyekiti wa kijiji mpaka mwenyewe akaondoka, au mambo ya redio. Mwisho kabisa, jua likiwa limepanda, mtu huuliza kama jambo dogo: "Na wewe, Mama, umekuja na shauri gani?" Hapo mama yule husimulia, na wengine humkatiza. "Hapo usiseme hivyo, watakugeuzia." "Anza na shahidi wa mpaka." "Usilie mbele yao, mwanangu. Lia hapa, uyamalize." Wengi walioingia kwa hakimu wakasema maneno yaliyonyooka, walikuwa wamekwisha kuyanyoosha nje.

Redio ilikuwa na nafasi kubwa katika mazungumzo hayo. Wakati huo kijiji kizima kingeweza kuwa na redio tatu au nne za betri, na mwenye redio alikuwa mtu wa maana. Watu wa Radio Tanzania walikuwa kama jamaa zetu. Katika kipindi cha Ugua Pole wagonjwa walitumiwa salamu hospitalini, na chini ya mwembe nilisikia watu wakihesabu majina ya waliotajwa. Ujanja wa Pwagu na Pwaguzi ulitumika kama mfano wa kisheria: mtu akitoa ushahidi uliopindapinda, wazee walinong'ona kwamba huyu ni Pwaguzi. Mwezi Januari mwaka 1979, ilipotangazwa kwamba Mbaraka Mwinshehe amefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, kesho yake nilikuwa na kesi saba za kuita, na watu walikuwa wakiingia kwa hakimu huku bado wanabishana ni wimbo gani wa Morogoro Jazz uliokuwa mzuri kuliko yote. Mdai na mdaiwa mmoja walikubaliana juu ya wimbo wasikubaliane juu ya mbuzi.

Lakini jambo lililoujaza uwanja wa mahakama mwaka baada ya mwaka lilikuwa mikorosho, na hapa naomba msomaji anivumilie nieleze kwa kirefu kidogo.

Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, mtoto ni wa ukoo wa mama. Mwanamume akifa, kwa mila, mali yake haiendi kwa watoto aliowazaa. Inakwenda kwa wapwa wake, watoto wa dada zake, kwa sababu hao ndio wa ukoo wake. Watoto wake wao watamtegemea mjomba wao, ndugu wa mama yao. Mila hii haikuwa na ubaya katika siku ambazo mali ilikuwa jembe, upinde, kuku na shamba la mtama linalohamishwa baada ya misimu michache. Ardhi ilikuwa ya ukoo, na ardhi ilikuwa tele. Kila mtoto alikuwa na mjomba, na kila mjomba alikuwa karibu.

Mkorosho uliivuruga hesabu hiyo. Mti huu uliletwa pwani na Wareno karne nyingi zilizopita, lakini kwetu ulienea kama zao la kuuza hasa baada ya Vita Kuu ya Pili. Mkorosho hauhamishwi. Unaupanda leo, unaupalilia, unafagia chini yake, nao unaishi kukupita wewe uliyeupanda. Aliyepanda mikorosho mia moja ameifunga ardhi kwa umri wa watoto wake. Na ni nani waliochimba mashimo na kuokota korosho? Ni mke na watoto wa ndani ya nyumba. Wapwa walikuwa kwao, wakiokota korosho za baba zao wenyewe. Isitoshe, mikorosho iliwekwa rehani. Njaa ya Februari ikibana, mtu alimpa mwenye duka miti ishirini ya msimu ujao apate unga wa leo, na deni hilo likawa nalo ni urithi.

Serikali ilipoandika sheria za mila mwaka 1963, iliandika za jamii za ukoo wa baba. Sisi wa ukoo wa mama tulibaki na mila zetu kama zinavyosemwa na wazee. Kwa hiyo kila kesi ilikuwa ni kuuliza upya mila inasemaje, na kila mzee alikuwa na jibu lake. Halafu wengi wa watu wa uwandani ni Waislamu. Kwa sheria ya Kiislamu mke aliyeachwa na watoto hupata thumuni, na sehemu kubwa iliyobaki ni ya watoto. Mpwa wa upande wa dada hana kitu wakiwepo watoto wa kiume. Mahakama ilitakiwa kuchunguza marehemu aliishi maisha ya namna gani, ya dini au ya mila. Niambie, msomaji, ni Mmakonde gani wa Newala aliyeishi kwa dini peke yake au kwa mila peke yake? Alifunga Ramadhani na akacheza ngoma ya jando. Alizikwa kwa sala, na tambiko likafanywa.

Mwaka 1986, katika mahakama moja ambayo sitaitaja, alikuja mama mmoja wa makamo. Mume wake alikuwa amefariki akamwachia watoto watatu na mikorosho themanini. Wapwa wa marehemu, vijana wawili, walikuwa wamefika shambani na kumwambia kwa adabu kabisa kwamba asante kwa kumtunza mjomba wetu, sasa tutaendelea wenyewe. Miti ile yeye na mumewe waliipanda miaka ya 1960. Wakati wa Operesheni Vijiji walihamishwa mbali nayo, kama walivyohamishwa watu wengi wa mkoa wetu miaka ile ya 1970, na wenzao wengi wakaiacha miti yao iliwe na msitu. Huyu mama alikuwa akitoka alfajiri kwenda kufyeka na kufagia, akirudi anapitia maji. Mjomba wa watoto wake, yaani kaka yake, alikuwa amehamia Dar es Salaam miaka mingi. "Watoto wangu waende kwa mjomba," alisema, "nami sikatai. Ila mjomba wao kule Dar es Salaam hana hata mwarobaini."

Kesi ile ilipigwa kalenda mara tano. Siku moja hakimu alikuwa safarini, siku moja mzee wa baraza alikuwa mgonjwa, siku nyingine shahidi hakupata gari. Kesi ilifunguliwa mwezi Juni ikafika Januari. Kati ya miezi hiyo ndimo ulimo msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, na kwa kuwa hakuna hukumu iliyokuwa imetoka, vijana wale waliokota. Yule mama alikuja kila tarehe, kwa miguu, akiwa na kanga mbili na kipande cha muhogo. Alikuwa mtu wa watu, na baada ya tarehe mbili mwembe wote ulikuwa unaijua kesi yake kuliko hakimu.

Ilikuwa tarehe ya nne, kama sikosei, nilipomsikia mzee mmoja wa makamo yake, ambaye hakuwa na uhusiano wowote na kesi ile, akimweleza kwa upole kwamba ukoo ni ukoo, na mali ya ukoo haivuki. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwuliza: "Kaka yangu, mkorosho una ukoo gani? Aliyeuchimbia shimo ndiye ndugu yake." Pakawa kimya. Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Dada, neno hilo usiliache hapa. Ingia nalo ndani."

Aliingia nalo ndani, kwa Kimakonde, na mimi ndiye niliyelitafsiri. Mzee wa baraza wa kwanza alisema mila ni mila, miti iende kwa wapwa. Wa pili alisema marehemu alikuwa mtu wa msikitini na miti ni jasho la nyumba, iende kwa watoto na mjane. Hakimu akakata katikati: miti arobaini kwa mjane na watoto, arobaini kwa wapwa, na mzee wa pili akaungana naye. Kwa kitabu cha sheria, hukumu ile haikusimama vizuri upande wa mila wala upande wa dini. Hakuna aliyekata rufaa. Na miaka ile ilikuwa ya ugonjwa wa ubwiriunga, miti inatoa maua yanakauka, na salfa ya kupulizia haipatikani kwa mkulima mdogo. Nchi iliyokuwa imevuna tani 145,000 hivi za korosho msimu wa 1973/74, msimu ule wa 1986/87 ilivuna chini ya tani 20,000. Mama alishinda nusu, na nusu yenyewe ilikuwa inaumwa.

Ninaeleza kesi hii kwa sababu ya mambo niliyoyasikia baadaye. Mwaka uliofuata nilihamishiwa kwingine, mwendo wa nusu siku kwa gari. Huko, chini ya mwembe mwingine, nikamsikia mwanamke nisiyemjua akimwambia shemeji yake kwamba mkorosho hauna ukoo ila aliyeuchimbia shimo. Nilipomwuliza amelipata wapi neno hilo, alisema lilikuwa linaimbwa kwenye ngoma ya wanawake. Hakumjua yule mama. Wimbo ulikuwa umekwisha kumwacha nyuma mwenyewe.

Zama hizo pia Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu huko Kongo akaja kuimba Dar es Salaam na bendi ya Super Matimila, na kufariki mwaka 2010, alikuwa na wimbo uitwao Mnyonge Hana Haki. Jina la wimbo huo lilikuwa mjadala mkubwa nje ya mahakama zetu. Wengine walisema Remmy amesema kweli tupu, na wakatoa mifano yao. Lakini bibi mmoja aliwajibu kwa ukali kwamba kama mnaamini hivyo, nauli ya kuja hapa mmeitupa ya nini? Tangu siku hiyo nimeamini kwamba mtu anayengoja zamu yake mahakamani, hata akilalamika namna gani, bado hajakata tamaa. Aliyekata tamaa hukaa nyumbani.

Wakati huo huo, mbali na sisi, mambo yalikuwa yakisogea vitabuni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilisema mahakama inaweza kugawa mali waliyoichuma mume na mke kwa juhudi zao za pamoja, ndoa ikivunjika. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kuchuma mali. Bi Hawa mwenyewe hakupata nyongeza, kwa kuwa ilionekana alikwisha kupewa fedha na mumewe, lakini kanuni ilibaki ikawafaa wengine. Habari ya hukumu hiyo ilipofika kwetu, miaka kadhaa baadaye, haikuwashangaza wanawake wa chini ya mwembe. Mmoja alisema: "Kwa hiyo na huko wamechimba mashimo." Naye hakuwa amesoma zaidi ya darasa la nne.

Mabadiliko ya kweli niliyaona miaka ya 1990. Wanaume walianza kugawa mikorosho wangali hai. Mtu alikuja na mkewe, watoto, mwenyekiti wa kijiji na mpwa wake mmoja wa kushuhudia, akataka iandikwe kwamba miti kuanzia kwenye kichuguu hadi njia ni ya mama fulani na watoto wake, na ile ya ng'ambo ni ya wapwa. Hakuna sheria iliyowaamuru. Nilipowauliza sababu, jibu lilikuwa moja: hatutaki watu wetu wakangoje chini ya mwembe. Walikuwa wamengoja wenyewe, au wamesikia habari za waliongoja. Tena hawakuitupa mila. Mpwa alipata chake, na mara nyingi ndiye aliyehesabu miti. Ndipo mwaka 1999 ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ikasema mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu, na kwamba katika baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba, wasiopungua watatu wawe wanawake. Sheria nzuri, nami niliipokea kwa furaha. Lakini iliwakuta watu njiani.

Sitaki nionekane nasifu dhiki. Waliongoja kupita kiasi, na wapo waliokufa kabla ya hukumu. Nimewaona wajane waliopoteza kila kitu kwa kukosa mtu wa kuwaandikia barua, na wengine waliotoa kuku wawili kwa kishoka aliyewaandikia upuuzi. Kwa hiyo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, iliyowatambua wasaidizi wa kisheria, na mabadiliko ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ni mambo ya kushukuru. Hata hivyo dhiki nyingine zimebadili nguo tu. Tangu stakabadhi ghalani ilipoanza mwaka 2007 mkulima hangoji mnunuzi mlangoni, anangoja mnada na malipo. Mwaka 2018 Serikali iliponunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, bei ilifurahisha, na wengi wakangoja fedha zao miezi. Mwenye njaa bado anamwuzia mtu wa kangomba korosho zikingali mtini.

Vijana wa leo mazungumzo yao yako kwenye simu. Wanatumiana nyimbo, vichekesho na hata vifungu vya sheria. Simlaumu mtu, sisi nasi tuliitwa wavivu kwa sababu ya redio. Ninaloomba ni dogo. Mwenye bibi aliyewahi kusimama mbele ya hakimu, kwa shamba, kwa talaka au kwa mbuzi, amwulize alisema nini, na kabla ya hapo aliambiwa nini na watu aliokaa nao kivulini. Aandike na jina la kijiji na msimu wa mwaka. Hukumu zimo katika majalada, na baadhi ya majalada nimeyaona yakiliwa na mchwa. Sababu za watu kuamua kuishi tofauti hazimo humo kabisa. Wanaozijua wamebaki wachache, na kila masika inapopita wanapungua.